Tangi la sheli limechakaa: wapi serikali inakusaidia na wapi unajilipia mwenyewe

Kwa ufupi
- Tanzania haina mfuko wa kumlipia mwenye kituo cha mafuta gharama za kung'oa tangi la zamani.
- Kwa vijijini upo mkopo nafuu wa REA, lakini ni wa kujenga kituo.
- Ukibomolewa kupisha barabara, fidia inategemea rangi ya alama ya X na vitabu vyako vya hesabu.

Tanga. Ukitoka Segera kuelekea Tanga mjini utazipita sheli nyingi. Kuna mpya zenye paa refu na taa usiku kucha, na kuna za zamani zenye pampu mbili zilizopauka jua. Wengi tunaangalia bei kwenye ubao, basi. Kilichomgharimu mwenye sheli hela nyingi, na ambacho kinaweza kuharibu maji ya mtaa mzima, kimefukiwa chini na hakuna anayekiona.

Ni matangi. Mengi ni ya chuma, na kwa ukanda wetu wa pwani chuma hakina maisha marefu. Udongo una unyevu na chumvi, tangi linaliwa na kutu kutoka nje, na mara nyingi tundu la kwanza linakuwa dogo kuliko kichwa cha pini.

Ndiyo maana swali hili linarudi kila mara kwa wenye sheli ndogo: serikali haina hela ya kusaidia kubadilisha tangi?

Jibu linategemea unataka kufanya nini.

Unataka kujenga kijijini: upo mkopo

Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi 2007, unajulikana zaidi kwa nguzo za umeme. Lakini miaka ya karibuni umeongeza mpango wa mikopo yenye riba nafuu kwa ajili ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini.

Sababu yake unaijua kama umewahi kufika Kipumbwi, Kigombe au Moa. Mvuvi ana mashine ya boti, bodaboda ana pikipiki, na sheli iko mbali. Kwa hiyo petroli inauzwa kwenye vidumu na chupa za maji, mara nyingi ndani ya nyumba wanamolala watoto na jikoni kuna moto. Bei nayo anaipanga muuzaji. Mpango wa REA unalenga kuiondoa biashara hiyo majumbani na kuipeleka kwenye kituo chenye tangi na pampu iliyopimwa.

Hela yenyewe, kwa kweli, imetoka mfukoni mwako. Sehemu ya tozo unayolipa kwenye kila lita ya mafuta inaingia Mfuko wa Nishati Vijijini.

Hapa wengi wanachanganya mambo mawili. Kwanza, huu ni mkopo, unarudishwa. Siyo ruzuku. Pili, ni wa vijijini. Mwenye sheli pale Ngamiani au Chumbageni, katikati ya Jiji la Tanga, hausiki hata kama tangi lake lina miaka 40.

Kiwango cha juu cha mkopo, riba na muda wa kurejesha vinatajwa kwenye tangazo la REA kila dirisha la maombi linapofunguliwa. Soma tangazo lenyewe. Usitegemee picha ya skrini iliyozunguka WhatsApp tangu mwaka juzi, na usimlipe mtu anayekuambia "ana mtu wake Dodoma".

Makaratasi ndiyo yanayokwamisha

Kuna makosa ya mpangilio ambayo yanakula hela za watu: kununua tangi kwanza, halafu kutafuta vibali. Tangi likishafika na kufukiwa bila kibali, unaweza kuamriwa ulifukue. Fundi harudishi hela.

Anza na ardhi. Eneo liwe lako kwa hati au nyaraka zinazotambulika, na matumizi yake yaruhusu kituo cha mafuta. Kiwanja cha makazi hakigeuki sheli kwa sababu tu kipo kando ya lami. Kubadilisha matumizi ni kazi ya halmashauri, na inachukua muda, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuanza.

Kisha NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 unahitaji cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujenga. Mtaalamu aliyesajiliwa ndiye anayeandaa ripoti, na unamlipa wewe. Ataangalia visima vilivyo jirani, mteremko wa ardhi, na maji ya mvua yanakoelekea. Kwa kituo ambacho tayari kipo lakini hakina cheti, njia ni ukaguzi wa mazingira.

EWURA nao wana kibali cha ujenzi, ambacho ni tofauti na leseni. Kibali kinakuja kabla ya ujenzi. Leseni inakuja kituo kikishakamilika na kukaguliwa. Maombi yanafanyika mtandaoni kupitia mfumo wa LOIS. Kwa vijijini na miji midogo masharti yake ni mepesi kuliko ya mjini, kwa hiyo hakikisha mchoro wako umeandaliwa kwa kundi sahihi. Kuna watu wamechorewa kituo cha mjini kwa ajili ya kijiji na wakakata tamaa walipoona gharama.

Vilivyobaki ni kibali cha ujenzi cha halmashauri, Zimamoto, OSHA, na Wakala wa Vipimo kwa ajili ya pampu. Vyote hivi vinatakiwa hata kama hukopi shilingi. Ukishavipata, au ukionyesha viko hatua gani, ombi la mkopo linakuwa na uzito.

Na vipi mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri? Ile ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, na inagawanywa kwa wengi. Kwa duka la vipuri sawa. Kwa kufukia tangi, hesabu haifiki.

Tangi la zamani ni lako

Sheria ya mazingira ya 2004 ina kanuni inayoeleweka hata bila mwanasheria: anayechafua ndiye anayelipa. Tangi likivuja, NEMC inaweza kutoa amri ya kurejesha mazingira kama yalivyokuwa, na gharama ni za mwenye kituo.

Sheria hiyo hiyo iliunda Mfuko wa Dhamana wa Taifa wa Mazingira, na wapo wanaousikia wakadhani ndipo pa kuombea hela ya tangi. Sivyo. Mfuko ule haukuwekwa ili kumbadilishia mfanyabiashara vifaa vyake.

Wenzetu Marekani walichagua njia nyingine. Mwaka 1986 Bunge lao liliunda mfuko wa matangi yanayovuja, unaochangiwa na kodi ya sehemu ya kumi ya senti moja kwa kila galoni ya mafuta. Unasafisha maeneo ambayo mwenyewe hajulikani au hana uwezo. Baadhi ya majimbo yakaongeza misaada yao. California, iliyotaka matangi ya ukuta mmoja yafungwe ifikapo Desemba 31, 2025, ina ruzuku na mikopo kwa wenye vituo vidogo ili waweze kubadilisha.

Mantiki yao ni kwamba mwenye sheli ndogo asiye na hela hatatoa taarifa ya uvujaji, atanyamaza. Kwa maoni yangu hapo wana hoja. Kwetu tozo kwenye lita ya mafuta tunalipa tayari, ila hakuna hata senti iliyotengewa matangi mabovu.

Kwa sasa, basi, kubadilisha tangi ni hela yako au mkopo wa kawaida wa benki. Benki itataka leseni hai ya EWURA, cheti cha NEMC na hesabu zilizokaguliwa. Kampuni inayokuletea mafuta pia inaweza kugharamia vifaa kwa mkataba wa wewe kuuza mafuta yake tu. Soma miaka ya mkataba huo kabla ya kusaini, na soma kipengele kinachosema tangi litakuwa la nani mkiachana.

Barabara ikipita kwako

Hapa ndipo hela ya umma inaweza kumfikia mwenye sheli ya zamani, ingawa hakuna anayeiombea.

Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. TANROADS wakija na rangi, X nyekundu inamaanisha umejenga ndani ya hifadhi, huna fidia. X ya kijani inamaanisha sheria ndiyo iliyokufuata, na unastahili kulipwa utakapotakiwa kupisha.

Kwa kanuni za fidia ya ardhi za 2001, biashara inayohamishwa inalipwa pia faida iliyopotea: faida halisi ya mwezi mmoja mara miezi 36. Tuseme faida yako ni Sh2 milioni kwa mwezi. Hiyo ni Sh72 milioni, na bado hujahesabu jengo, usumbufu na usafiri. Lakini faida hiyo inathibitishwa kwa hesabu, na pale inapohitajika ziwe zimekaguliwa. Mwenye sheli aliyekuwa anawaambia TRA kwamba hapati kitu atapata shida kumwambia mthamini kinyume chake.

Mthamini akifika, mwonyeshe matangi. Yako chini, hayaonekani, na yasipoandikwa kwenye fomu hayalipwi. Toa risiti, mchoro na chati ya tangi.

Utajuaje linavuja?

Sheli nyingi ndogo zinapima kwa kijiti asubuhi na jioni. Ni njia nzuri, ila ina mipaka. Chukua tangi la lita 30,000 hivi, lenye kipenyo cha mita 2.5 na urefu wa mita 6. Mafuta yakiwa nusu, milimita moja kwenye kijiti ni kama lita 15. Sasa tundu linalovujisha lita 2 kwa siku utalionaje kwa kijiti? Hulioni. Na kwa mwaka ni lita 730 zilizoingia ardhini.

Kinacholionyesha ni kumbukumbu. Kila siku andika mafuta yaliyoingia, yaliyouzwa kwa mita ya pampu na yaliyobaki. Tofauti ikiwa leo juu, kesho chini, huo ni upimaji. Ikiwa ni upungufu kila siku, mwezi mzima, kuna tundu au kuna mwizi. Maji yakionekana chini ya tangi mara kwa mara baada ya mvua, hiyo ni dalili nyingine: panapoingia maji, mafuta nayo yanatoka.

Matangi ya kisasa yana kuta mbili na kihisi katikati. Ukuta wa ndani ukitoboka, kengele inalia kabla mafuta hayajagusa udongo. Ni ghali zaidi, ndiyo, ila ukifukia tangi pwani leo sioni sababu ya kuweka la ukuta mmoja.

Kung'oa siyo kazi ya fundi wa mtaani

Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lina mvuke. Cheche moja ya kulehemu au grenda inatosha. Mafuta yanatolewa yote, mvuke unaondolewa na kupimwa kwa kifaa, mabomba yanakatwa na kuzibwa, ndipo linachimbuliwa. Wajulishe EWURA, NEMC na Zimamoto kabla. Tope la chini ya tangi na udongo ulioloa mafuta ni taka hatarishi, zinabebwa na mwenye kibali cha taka hizo, haziendi dampo la kawaida.

Udongo wa chini ya tangi upimwe kabla ya kufukia shimo. Ripoti hiyo itunze. Ukija kuuza kiwanja, au jirani akidai umemchafulia kisima, ndiyo kinga yako.

Na tangi lililotolewa lisiuzwe kwa ajili ya kuhifadhi maji. Hata likioshwa kwa sabuni.

Kisima kikianza kunuka

Sehemu ya Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa, yale yale yaliyotengeneza mapango ya Amboni. Maji yanapita kwenye nyufa zake kwa kasi, na mafuta yanayafuata. Kwa hiyo kisima kinachoathirika kinaweza kisiwe kile kilicho karibu zaidi na sheli.

Wakenya wa Thange, Kaunti ya Makueni, wanalijua hili. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Mombasa–Nairobi yakaingia kwenye mto na visima vyao, na kesi ya fidia ikachukua miaka. Lile lilikuwa bomba kubwa, siyo tangi la sheli, lakini maji yanaharibika kwa njia ile ile.

Maji yakinuka petroli au yakiwa na utando wa rangi rangi, acha kuyanywa na kupikia. Usiyachemshe ukidhani yatakuwa salama. Unachofanya ni kuujaza mvuke jikoni, na petroli ina benzini, ambayo inasababisha saratani ya damu. Usiwashe moto wala kuvuta sigara karibu na kisima. Chukua sampuli kwenye chupa ya kioo, uijaze hadi juu, uifunge vizuri.

Taarifa ipeleke kwa maandishi serikali ya mtaa na kwa ofisa mazingira wa halmashauri, nakala NEMC na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ndiyo inayosimamia maji ya chini ya ardhi ukanda huu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe.