Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Msomaji wangu, ukisafiri kutoka Malindi kwenda kaskazini utavuka mto Sabaki, utaipita Mambrui, kisha utafika Gongoni, mahali panapojulikana kwa chumvi. Huko maji ya bahari huingizwa mabwawani kwa kipimo, yakaachwa juani mpaka chumvi ikabaki. Maji hayo hayo yakivunja kingo na kuingia kwa nguvu, huharibu kazi yote. Maji ni yale yale. Tofauti ni njia yaliyopitia.

Mfano huu wafaa kutangulizwa mbele ya swali zito. Je, yampasa mgeni kuingia katika nchi inayotawaliwa kwa mabavu, akaeneza dini yake, au akadai raia wapewe haki ya kujichagulia watawala? Wako wasemao kuwa mambo ya nyumba ya mtu hayamhusu jirani. Wako pia wasemao kuwa anayesikia kilio na kuziba masikio ni mshiriki wa dhuluma. Kila upande una hoja yake. Basi na tuiulize historia ya pwani yetu, kwa kuwa wageni wameifikia tangu zamani.

Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na mfalme wa mji akampokea kwa wema. Wareno wakasimamisha pale nguzo yenye msalaba, ambayo hata leo yaonekana ikitazama bahari. Urafiki ule ulianza kwa hiari. Lakini rafiki mwenye mizinga huchoka upesi kuwa rafiki. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na ukoo wa kifalme wa Malindi ukahamishiwa huko utawale chini ya macho yao. Mfalme Hassan bin Ahmad aligombana na mkuu wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa hila ya Wareno.

Hassan aliacha mtoto mdogo, jina lake Yusuf. Wareno walimchukua mtoto huyo mpaka Goa, katika Bara Hindi. Huko alilelewa na mapadre, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akafundishwa desturi za Kireno na kazi ya vita vya baharini. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa akiwa mfalme Mkristo. Machoni pa wageni wale kazi ilikuwa imetimia: walimpata mfalme wa dini yao, na kwa mfalme huyo walitumaini kuipata nchi nzima.

Lakini fikiri, ewe kijana, hali ya mtu huyo. Raia zake walimwona mgeni, na Wareno walimdharau. Kaburi la baba yake lilikuwa karibu, na waliomuua ndio waliomvika taji. Inasimuliwa kwamba alionekana akiomba kaburini pale kwa desturi ya Kiislamu, na habari zikapelekwa kwa mkuu wa ngome. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 Yusuf aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamuua mkuu huyo kwa mkono wake mwenyewe, akairudia dini ya baba zake. Wareno wengi waliuawa, na pamoja nao Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha imani yao. Mwaka uliofuata Yusuf aliiacha Mombasa, akawa mtu wa baharini mpaka kufa kwake.

Usiseme upesi kwamba Yusuf alikuwa shujaa tu au mkatili tu. Damu ya wasio na hatia haisafishwi kwa kisasi cha baba. Wala usiseme kwamba dini ya Kikristo ndiyo iliyoshindwa, kwa maana wale Waafrika waliokufa kwa ajili yake walionyesha kuwa wao waliipokea kwa moyo. Kilichoshindwa ni dini iliyofungwa pamoja na minyororo ya utawala.

Sasa tazama habari nyingine, iliyotokea miaka zaidi ya mia mbili baadaye. Mashamba makubwa ya Malindi na Mambrui yalilimwa na watumwa, chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar. Wamisionari Krapf na Rebmann walikaa Rabai tangu mwaka 1846, na kwa miaka mingi waliomfuata walikuwa wachache mno. Hata hivyo Mgiriama mmoja, Abe Ngoa, aliipokea imani hiyo akaipeleka kwa watu wake kwa lugha yao. Katika kazi hiyo kilizaliwa kijiji cha Fuladoyo, bara nyuma ya pwani, ambako watumwa waliotoroka mashambani walipata kimbilio chini ya uongozi wa Mgiriama mwingine, David Koi. Mwaka 1883 kijiji kilishambuliwa, na David Koi akauawa. Hapakuwa na ngome wala mizinga ya kuwalinda, na hata hivyo imani ile haikufa. Mbegu ililetwa na mgeni, lakini aliyeipanda na kuilinda ni mwenyeji.

Huenda ukaniuliza, "Je, bila nguvu ya wageni soko la watumwa lingefungwa?" Swali lako ni la haki, na jibu lake halipendezi. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa mwaka 1873, wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, kwa sababu Waingereza walimtishia kwa manowari. Hapo kishindo cha mgeni kilimfaa mnyonge, nasi hatuna budi kukiri. Lakini tazama yaliyofuata. Mtumwa aliyekuwa tayari shambani aliendelea kungoja, maana hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani hii ya Kenya mpaka mwaka 1907; na wale wale waliokuja kama watetezi walikuwa wameigeuza nchi kuwa himaya yao tangu mwaka 1895.

Wagiriama walionja matunda ya himaya hiyo. Wao walikuwa na baraza la wazee, yaani kambi, lililoamua mambo kwa shauri na mjadala. Serikali ya Kiingereza, iliyojisifu kuleta ustaarabu, iliwawekea wakuu wa kuteuliwa, ikadai kodi na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Mwaka 1913 mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, aliwaapisha watu wakatae. Alikamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao. Mwezi wa Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vilipokwisha, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, na waliokuwa wakilima ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, upande huu uliko Gongoni, wakaamriwa kuhama. Basi mgeni alivunja baraza la watu kwa jina la utawala bora!

Hata baada ya uhuru wa mwaka 1963 swali letu halikukoma. Mwaka 1982 sheria ya Kenya ilikataza vyama vyote isipokuwa kimoja. Walioanza kupinga walikuwa Wakenya: Mchungaji Timothy Njoya alihubiri dhidi ya utawala wa chama kimoja mwanzoni mwa mwaka 1990, na tarehe 7 Julai mwaka huo watu walijitokeza barabarani huku viongozi wao wakiwa kizuizini. Mwezi wa Novemba 1991 mataifa yaliyotoa misaada yalikutana Paris yakazuia misaada mipya, na mwezi uliofuata sheria ile ikafutwa. Wageni waliusukuma mlango, ni kweli. Lakini waliokuwa wakiubisha tangu mwanzo, na waliopata majeraha kwa kuubisha, walikuwa wana wa nchi.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema, "Mgeni njoo, mwenyeji ahame." Basi akija mtu kukuletea dini au siasa, usimfukuze kwa kuwa ni mgeni, wala usimwamini kwa kuwa maneno yake ni matamu. Mwulize ni nani aliyemwita. Mwulize kama una ruhusa ya kusema hapana. Kisha ngoja uone, kazi ikiisha, ni nani atakayeshika ufunguo wa nyumba. Nawe siku moja utakapokuwa mgeni katika nchi ya wengine, nao wanaonewa, usinyamaze. Lakini pitia mlango waliokufungulia wao.