Kanga, picha za Kijapani na surua

Leo kwenye mfululizo wetu tuache kidogo mambo ya uji wa lishe, twende kwenye historia. Nivumilieni, mwisho mtaona kwa nini.

Mama, itazame hiyo kanga uliyombebea mtoto. Kabla kiwanda cha Urafiki hakijafunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kanga nyingi za bibi zetu zilichapwa Japani. Na huko Japani, kuchapa picha nzuri za bei ndogo ni jambo la zamani sana.

Mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulipenda mno maigizo ya kabuki. Waigizaji walikuwa wanaume watupu, hata nafasi za wanawake walicheza wao, na walikuwa mastaa kwelikweli. Basi mchoraji anachora sura ya staa, fundi anaichonga kwenye ubao, mwingine anapaka rangi na kugandamiza karatasi. Kila rangi na ubao wake. Bei yake ilikuwa kama bakuli la tambi, kwa hiyo hata mtu wa kawaida alinunua, kama sisi tulivyobandika kalenda za wasanii sebuleni.

Mwaka 1862 surua ikaingia Edo. Wachoraji wa kundi la Utagawa, waliotamba kwa picha za waigizaji, wakatoa picha za surua. Mchoro wa kuvutia, na maneno: kula hiki, usile kile, usioge. Nyingine zilichekesha: wenye mabafu ya kulipia, waliokosa wateja, wanampiga pepo wa surua, na waganga wanamtetea!

Tusiwacheke. Chanjo ya surua ilipatikana 1963, miaka 101 baadaye. Wenzetu walishika walichokuwa nacho.

Sisi je? Bado napokea wodini mtoto mwenye surua ambaye siku tano hajaogeshwa, kanyimwa maziwa, kafungiwa gizani. Macho yameshikana, mdomo umejaa vidonda. Namuuliza mama, nani alikuambia? "Nesi, ilitumwa kwenye grupu. Ilikuwa na picha nzuri."

Mnaona, jamani? Picha nzuri tunaikaribisha ndani bila kuuliza imebeba nini.

Basi shikeni haya. Chanjo ya surua ni miezi 9, halafu miezi 18. Ile ya pili wengi mnaisahau. Mtoto akiugua, mlete kituoni mapema, atapewa vitamini A. Mnyonyeshe, mpe maji na chakula, hata kidogokidogo. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, msafishe macho kwa kitambaa safi. Akipumua kwa shida au akishindwa kunyonya, usisubiri kesho.

Sasa kabla hujaendelea na simu, nenda kachukue kadi ya kliniki. Miezi 18 imejazwa?