CT skani na uti wa mgongo: hesabu iliyoondoa kivuli

Wasomaji, Webuye ndipo barabara ya Kitale inapoachana na ile kuu ya kutoka Eldoret kwenda Malaba. Matatu, malori ya Uganda na bodaboda hukutana hapo, na ajali hazikosekani. Leo tutazame chombo kinachomwambia daktari kama shingo ya majeruhi imevunjika. Historia yake inatuhusu sana sisi watu wa programu.

Tangu Röntgen agundue miali ya eksirei mwaka 1895, picha yake ya kawaida ni kivuli tu: mifupa yote hulaliana mahali pamoja. Pale shingo inapokutana na kifua, mabega huziba pingili na ufa hupotea.

Mwaka 1956, mwanafizikia Allan Cormack wa Cape Town alijiuliza: ukipitisha miali kutoka pembe nyingi, hesabu haziwezi kukuonyesha kilicho ndani? Alichapisha jibu 1963 na 1964, na wachache mno walijali. Huko Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa tarakilishi katika kampuni ya EMI, alifika hapo kwa njia yake mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1971 mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza, London. Ilipima mara 160 katika kila moja ya pembe 180, yaani vipimo 28,800, na tarakilishi ikavigeuza kuwa picha ya nukta 80 kwa 80. Wote wawili walipata Nobel mwaka 1979.

Mashine hiyo ilikuwa ya kichwa tu. Mwaka 1974 Robert Ledley, daktari wa meno wa Marekani aliyegeukia tarakilishi, alileta ya mwili mzima. Sasa hata uti wa mgongo ukaonekana kipande kwa kipande.

Faida yake? Mwaka 2005 watafiti walijumlisha tafiti kadhaa: eksirei ya kawaida ilinasa majeraha 52 ya shingo kwa kila 100, CT ikanasa 98. Hayo 46 ya katikati ni watu wanaoweza kuambiwa "uko sawa, nenda nyumbani", kisha wapooze.

Hata hivyo, CT haioni vizuri kano wala neva. Hapo MRI huhitajika. Na kutoka Webuye hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ni kilomita 60 na ushei. Majeruhi akikunjwa kwenye kiti cha nyuma, skani itaonyesha tu madhara tuliyomwongezea. Msikimbilie kumbeba. Shikeni kichwa kisitikisike, na mkilazimika kumhamisha, mwili wote uende kwa mstari mmoja.