Nani Alishika Farasi?

Wasee, ukisikia "askari wa farasi" akili inakimbia kwa sinema: jamaa na upanga, vumbi, makelele. Lakini kuna wengine waliopanda farasi ili kufika vitani tu. Wakifika wanashuka, wanalala nyuma ya mawe, wanapiga bunduki kama askari wa miguu. Kwao farasi alikuwa kama boda: anakufikisha, anakutoa, lakini vita unapigana ukiwa chini.

Walioijua hii mbinu sana ni Makaburu wa Afrika Kusini, walipopigana na Uingereza kuanzia 1899 hadi 1902. Na si story ya mbali na sisi. Mwaka 1908 kundi la hao Makaburu lilishuka Mombasa, likapanda hadi Uasin Gishu, pale Eldoret ilipo leo.

Wengi wao walikuwa wakulima. Ukiitwa vitani, unakuja na farasi wako, bunduki yako na chakula chako. Bunduki iliyowapa jina ni Mauser ya Ujerumani: risasi tano kwa mkupuo, na baruti isiyotoa moshi mwingi. Mwingereza anapigwa na haoni anapigwa kutoka wapi. Hata baada ya Pretoria kutekwa Juni 1900, Makaburu walisumbua karibu miaka miwili zaidi. Wanavamia, wanaruka juu ya farasi, wamepotea. Waingereza nao ikabidi wapandishe askari wao wa miguu kwa farasi, wachome mashamba, na wafungie akina mama na watoto kambini, ambako maelfu walikufa, wazungu kwa Waafrika.

Sasa jiulize swali dogo. Mkishuka wote kupigana, farasi anabaki na nani?

Waingereza kwa kawaida waliacha mtu mmoja kati ya wanne ashike farasi. Yaani robo ya bunduki zenu imenyamaza. Kwa Makaburu, kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na Waafrika walioitwa agterryers, yaani wapanda farasi wa nyuma. Walikuwa maelfu. Walichunga farasi, wakapika, wakabeba risasi, wakauguza majeruhi. Wengine walipewa bunduki wakapigana. Wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya hao hao mabosi, na kumkatalia bosi haikuwa rahisi.

Vita viliisha 31 Mei 1902 kwa mkataba wa Vereeniging. Soma kifungu cha 8, manze. Kinasema swali la kura kwa Waafrika halitaamuliwa mpaka baada ya wazungu wa huko kupewa serikali yao wenyewe. Maadui wawili waliochinjana karibu miaka mitatu walikubaliana juu ya hilo. Waafrika wa Afrika Kusini wote walipiga kura 1994.

Mimi chuo niliacha, lakini hili silihitaji digrii kuliona. Tunasifu kasi ya Makaburu, shabaha yao, ujanja wao, na ni kweli walikuwa noma. Lakini Kaburu aliweza kulala pale na bunduki akiwa ametulia kwa sababu kuna mtu mweusi nyuma ya kilima aliyeshika hatamu. Ukisoma story yoyote ya vita, usiishie kwa aliyefyatua. Uliza nani alishika farasi, na alilipwa nini.