UNABADILISHA TAIMA YA HITA? JUA KWANZA UPI LAIVU, UPI NYUTRO

Wenzetu wa Ulaya wanafunga taima za kupasha joto nyumba nzima. Kwetu Mwanza nani apashe nyumba? Huku Mirongo taima utaikuta kwenye hita ya maji ya kuoga, mtu anabana uniti za LUKU. Ikifa, unaifungua unakuta waya nne au tano, hazina alama yoyote. Sasa ufanyeje?

RANGI ZINADANGANYA
Nyumba za zamani zilifuata rangi za Mwingereza: nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani ethi. Rangi za siku hizi: kahawia laivu, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Uingereza wenyewe walianza kuhama mwaka 2004, na kuanzia Aprili 2006 ikawa lazima kwa kazi mpya. Balaa liko kwenye fezi tatu: bluu ya zamani ni laivu, bluu ya leo ni nyutro! Nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili mbili inaweza kuwa na zote. Na kuna fundi anayevuta waya wowote aliobaki nao.

KABLA HUJALEGEZA BISIBISI
Zima meni swichi, siyo taima tu. Nyumba ya wapangaji waambie wote, asije mtu akawasha. Piga picha kwa simu, kisha bandika kila waya kipande cha tepu chenye herufi ya pale ulipofungwa. Dakika tano tu, kazi nusu imeisha.

KAMA ZIMESHACHOMOLEWA
Hapa unahitaji multimita. Umeme ukiwa umezimwa, pima om kati ya waya mbili mbili. Jozi inayokwenda kwenye hita ya wati 1500 itasoma kama om 35, ya wati 3000 kama om 18. Maji yawe ya baridi, maana yakiwa ya moto themostati inakata na hutasoma kitu. Kujua upi ni upi, fungua kifuniko cha hita uone kila waya umeishia wapi.

Jozi iliyobaki inatoka kwenye meni. Hiyo inapimwa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo mwachie fundi: laivu na ethi zitasoma karibu volti 230, nyutro na ethi karibu sifuri.

Testa ya bisibisi peke yake haitoshi. Nyutro ikikatika huko nyuma, hata waya wa nyutro utawasha taa. Na testa isipowaka siyo uthibitisho kwamba hakuna umeme.

UKIKOSEA INAKUWAJE?
Taima ikikata nyutro badala ya laivu, hita inaonekana imezimwa kumbe ndani bado ina moto. Ukitumia ethi kama nyutro, bodi la hita linaweza kushika umeme, na anayeoga kalowa maji mwili mzima. Hapo hakuna pole, ni msiba.

TAIMA YENYEWE
Wati 3000 gawanya kwa volti 230 ni ampea 13. Nunua ya ampea 16 au zaidi, ndogo itaungua.

Na fundi mwulize leseni ya EWURA, usione aibu. Kama bado una shaka na waya hata mmoja, usiwashe. Kuoga maji ya baridi hakujaua mtu.