Namna ya kutoa upepo kwenye breki za gari nyumbani

Ukikanyaga breki na pedali ikazama kama sponji, kisha ikapata nguvu baada ya kuipampu mara mbili tatu, yaelekea kuna upepo ndani ya mirija. Mafuta ya breki hayabanwi, ndiyo maana husukuma pedi. Upepo hubanwa, na nguvu ya mguu wako huishia hapo. Kwenye mteremko wa Mazeras au njia ya kushukia feri Likoni, hilo si jambo la kungoja kesho.

Kwanza tafuta chanzo. Ukiona mafuta yanavuja kwenye mrija au upande wa ndani wa gurudumu, kutoa upepo hakutasaidia, mwite fundi. Gari lenye ABS pia huenda likahitaji kompyuta ya fundi.

Unahitaji jeki na stendi zake, spana inayokaa sawasawa, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, na mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki, kama DOT 3 au DOT 4. Mafuta haya hunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani inao tele. Chupa iliyokaa wazi usiitumie.

1. Egesha mahali tambarare, zima injini, zuia magurudumu kwa mawe. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Jaza kopo la breki, na uliongeze kila mara. Likikauka, utaanza upya.

3. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kopo. Kwa gari la usukani wa kulia, mara nyingi ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Baadhi ya magari yana mpango wake. Tazama kitabu cha gari.

4. Vaa spana kwenye nati ya kutolea upepo, chomeka mpira, na ncha yake ya pili izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa.

5. Msaidizi akanyage polepole mara tatu, ashikilie chini na aseme "nimeshika". Fungua nati robo mzunguko, mafuta na mapovu yatoke, kisha funga. Hapo ndipo umwambie "achia". Wengi hukosea hapa: mguu ukiinuka kabla nati haijafungwa, upepo hurudi ndani.

6. Rudia mpaka mapovu yaishe, kisha nenda gurudumu linalofuata.

Ukimaliza, kaza nati zote, washa injini na ukanyage. Pedali ikiendelea kuzama polepole, usitoke na gari. Ikisimama imara, jaribu kwanza uani kwa mwendo wa kutembea.

Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kwenye kopo, wala usiyahifadhi kwenye chupa ya soda. Ni sumu, na mtoto hajui tofauti. Yakimwagikia bodi, osha kwa maji mara moja, maana hula rangi.

Tawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Ukiwa na shaka yoyote, lipia fundi.