Kujisomea si Kusomeshwa

Muhula wa pili unapoelekea ukingoni, baridi ya Meru ikiwa imeshatanda kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, swali moja huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya wanachuo: "Wiki ijayo kuna pindi?" Anayeuliza kama kuna kipindi ana hesabu zake. Amepanga geto Tengeru, chuo kiko Njiro, bumu la mkopo limekata, na vifodi vya kwenda huko havipandwi bure.

Almanaka za vyuo huandikwa kwa Kiingereza, na wanafunzi huitamka wiki hiyo ya kabla ya mitihani "stadi wiki". Sikio la Kiswahili husikia hapo stadi, yaani hodari wa kazi, kana kwamba siku saba zinatosha kumtoa mtu katika ubabaishaji. Wapo wanaosema "wiki ya kusoma". Nalo halifai, kwa kuwa kwetu kusoma ni kupitisha macho kwenye maandishi na pia ni kuwa mwanafunzi. Ukisema fulani anasoma Chuo Kikuu cha Makumira, hujasema kama amewahi kufungua kitabu. Kila wiki ya chuo ni ya kusoma.

Jina lake ni wiki ya kujisomea. Ukikipasua kitenzi hicho, -ji- inamrudishia mtendaji kazi yake, na kauli ya kutendea inasema kazi hiyo ni kwa faida yake. Mhadhiri hana kiti humo ndani. Akisimama ubaoni na mada mpya, tendo limeshageuka kuwa kusomeshwa.

Wahadhiri nao wana hoja. Muhula wa pili hupita katikati ya sikukuu: Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili, Mei Mosi, Pasaka, na miaka mingine Idi. Vipindi vinaliwa, mada zinabaki. Wengine hukimbilia Jumamosi. Chuo Kikuu cha Arusha, ambacho ni cha Waadventista Wasabato, hata hiyo hakina, kwani ni Sabato. Ndipo vipindi vinapoingizwa katika wiki ya kujisomea, na linapotolewa neno fidia. Lakini fidia hulipwa na aliyesababisha hasara, au na mdhamini wake, kwa aliyepata hasara. Mwanafunzi aliyekosa kipindi Aprili, kisha akachukuliwa siku yake ya kujisomea Julai, amefidiwa kwa mali yake mwenyewe.

Lipo jambo la katikati: mhadhiri kukaa na darasa na kupitia maswali ya mitihani iliyopita, bila kuongeza mada. Hilo lisiitwe marudio. Mwanachuo akisikia marudio anawaza mtihani wa marudio, yaani sapu, na nyuma ya sapu anaona kudisko, kuondolewa chuoni. Mapitio linatosha, na halimshtui mtu.

Basi almanaka itenganishe mambo matatu kwa majina yake. Fidia ziishe kabla ya wiki hiyo kuanza. Mapitio yawe ya hiari, na asiyekuja asihesabiwe mtoro. Kujisomea kuachwe kuwe kujisomea. Na anayeona hiyo ni anasa alitazame neno muhula, ambalo vyuo vyote vinalitumia bila ubishi. Katika Kiarabu lilikotoka ni muda wa nafuu, kama ule anaopewa mdaiwa ajipange kabla ya kulipa. Mdai aliyekubali kutoa muhula habishi hodi kila asubuhi saa mbili.